Mlio wa kugonga katika propela na difu

Mlio wa kugonga katika propela na difu ni dalili ya hitilafu katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, pamoja na magari ya fowili. Husikika kama pigo moja zito la chuma dereva anapoachia klachi, anapoondoa mguu kwenye mafuta kisha kukanyaga tena, au anapotoka gia ya kwenda mbele na kuingia rivasi. Sehemu zinazohusika ni propela, krosi zake (viungo vyake vinavyokunjika), senta beringi, difu, hafu shafti, na vifungo vinavyoshika ekseli kwenye chesisi.

Ni miongoni mwa hitilafu zinazotambuliwa vibaya zaidi katika gereji. Chesisi husafirisha sauti, hivyo abiria wa siti ya nyuma huapa kwamba gurudumu ndilo linalogonga, kumbe krosi iliyokwisha iko karibu na gia boksi, chini ya miguu ya dereva. Matokeo yake ni mwenye gari kununua difu nzima ya mtumba, kuifunga, na kurudi nyumbani na mlio uleule. Hasara hiyo haina sababu, kwani uchunguzi wenyewe hauhitaji zaidi ya jeki, stendi imara, tochi, chaki na mikono inayojua inachotafuta.

Chanzo cha mlio

Meno ya gia hayawezi kubanana kabisa. Lazima yaachiwe nafasi ndogo ya oili na ya chuma kupanuka kinapopata joto. Katika difu nyingi za Toyota, kitabu cha kiwanda hutaka nafasi ya milimita 0.13 hadi 0.18 kati ya krauni, yaani gia kubwa ya difu, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Nafasi kama hiyo ipo pia ndani ya gia boksi, kwenye splaini za propela, kwenye gia ndogo za ndani ya difu na kwenye splaini za hafu shafti. Mafundi huiita pleyi.

Injini inaposukuma gari, meno yote hulalia upande mmoja. Dereva akiachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na meno huhamia upande wa pili. Katika kuhama huko pleyi zote hujumlishwa, kisha chuma hukutana na chuma kwa ghafla. Gia ya kwanza na rivasi hugonga zaidi kwa sababu ndizo zinazozidisha nguvu ya injini kuliko nyingine.

Kwa hiyo gari lenye umri linaweza kugonga ingawa hakuna kifaa hata kimoja kilichoharibika. Limechakaa kidogo kila mahali. Swali la kwanza la fundi si kifaa gani kibovu, bali pleyi kubwa iko wapi.

Historia ya vifaa

Krosi hutokana na kiungo kinachohusishwa na Mwitalia Girolamo Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17. Magari mengi ya mwanzo yaliendeshwa kwa mnyororo. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya krosi iliyofaa gari, na mwaka uliofuata akaanza kuitengeneza huko Plainfield, New Jersey. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Dana. Difu ni ya zamani kuliko krosi ya Spicer: Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni katika miaka ya 1820 kwa gari la mvuke. Krauni na pinioni za haipoidi, ambazo pinioni yake hukaa chini ya kitovu cha krauni, zilienea kuanzia miaka ya 1920.

Wakati wa mlio

Kabla ya kuingia chini ya gari, fundi makini hulipanda na kulisikiliza. Pigo moja wakati wa kuondoka, kisha kimya, huelekeza kwenye pleyi ya kuzunguka: krosi, splaini au difu. Dereva wa HiAce ya abiria hulisikia kwenye kila tuta, kwa sababu hushika breki, huteremka tuta, kisha hukanyaga mafuta. Ili kujua kama kinachogonga ni tuta lenyewe au ni nguvu ya injini, tuta lilelile hupitwa tena polepole klachi ikiwa imekanyagwa. Mlio ukibaki, lawama ni ya shokapu, bushi au springi. Ukitoweka, propela na difu ndizo za kukaguliwa.

Mlio wa kugonga unaorudiarudia na kuongezeka kadiri gari linavyokimbia ni habari nyingine. Katika gari lenye difu ya 4.1, propela huzunguka mara 4 na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Pigo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu hutoka kwenye habu, nati za ringi, au jino la krauni lililovunjika. Pigo la kasi mara nne ya hapo ni la propela au pinioni. Dereva mwenye sikio zuri hulitofautisha kwa mwendo wa mtu anayetembea, dirisha likiwa wazi na ukuta wa kando ya barabara ukirudisha sauti.

Mlio wa kuvuma si mlio wa kugonga na usichanganywe nao. Difu inayovuma ikiwa chini ya mzigo na kunyamaza mafuta yakiachiwa huwa na tatizo la beringi au la jinsi meno yanavyokutana.

Ukaguzi chini ya gari

Gari huegeshwa mahali tambarare na magurudumu ya mbele huwekewa choki pande zote mbili. Tahadhari hii ina uzito wa pekee kwa Land Rover Defender za zamani, na kwa malori madogo kama Mitsubishi Canter ambayo hendibreki yake hushika nyuma ya gia boksi badala ya kwenye magurudumu. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma la gari hizo, difu huliruhusu lizunguke na lile la chini nalo huwa huru. Gari huteremka kwenye jeki huku hendibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Krosi au propela ikikatika, hendibreki ya gari hizo nayo hupotea kwa wakati mmoja.

Krosi na propela. Hapa ndipo hitilafu nyingi zinapopatikana, na ndipo panapostahili muda mwingi. Gia ikiwa huru, fundi hushika propela kwa mkono mmoja na flanji kwa mkono mwingine, kisha huzinyonga kwa kupingana. Krosi nzima haionyeshi kucheza kokote kunakohisika mkononi. Baadaye propela husukumwa juu na chini karibu na kila krosi. Ikiwa msalaba wa krosi unatikisika ndani ya vikombe vyake, hata kwa kiasi cha unene wa kucha, imekwisha.

Macho nayo husaidia. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka kikombe huonyesha kwamba grisi iliisha zamani na beringi za sindano zinasagika zikiwa kavu. Krosi ya namna hiyo mara nyingi huanza kwa mlio mwembamba gari likienda polepole, kisha huja kugonga, kisha kutikisika, na mwisho kukatika. Wapo wanaofurahi mlio mwembamba unapokoma wenyewe. Huo ndio wakati ambao wangepaswa kwenda gereji.

Yapo matukio ambayo krosi haichezi na bado ni mbovu. Propela ikishafunguliwa, krosi hukunjwa kwa mikono pande zote mbili. Ikikwama kidogo inapofika katikati, kana kwamba kuna shimo dogo linaloishika, basi sindano zimekwisha kuchimba msalaba.

Krosi moja iliyo kwenye pembe haizunguki kwa mwendo sawa. Upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya upande mwingine wa propela ndiyo inayosawazisha. Usawazishaji huo unafanyika tu ikiwa masikio ya ncha zote mbili yamepangwa kwenye mstari mmoja. Fundi anayechomoa propela kwenye splaini zake bila kuweka alama ya chaki, kisha akairudisha jino moja pembeni, hulirudisha gari kwa mwenyewe likitikisika kuliko lilivyoletwa.

Splaini zinazoteleza zina mlio wao wa kugonga. Gari likisimama, ekseli hujirudisha na splaini hukwama kwa ukavu. Sekunde moja baada ya kusimama, au mara tu gari linapoondoka, hujiachia kwa pigo. Hitilafu hii hujulikana sana kwenye Hilux na Land Cruiser, na grisi peke yake huimaliza.

Propela ya vipande viwili, kama ya HiAce ndefu, hushikwa katikati na senta beringi iliyofungwa ndani ya raba. Raba ikichanika, propela hupiga kwenye mabano yake gari linapoondoka na mzigo. Inatosha kuisukuma juu kwa mkono na kutazama chuma kinavyokutana na chuma.

Difu. Flanji ya pinioni hutikiswa juu na chini. Haipaswi kucheza hata kidogo. Ikicheza, beringi za pinioni zimelegea au nati imefunguka, na gari hilo halifai kuendelea na safari. Kucheza kwa kuzunguka ni jambo la kawaida likiwa dogo, na likiwa kubwa lapaswa kugawanywa: mchoro wa chaki kwenye flanji na mwingine kwenye gurudumu huonyesha kiasi ambacho pinioni inazunguka kabla gurudumu halijaanza kufuata. Kipimo cha kweli cha krauni na pinioni huchukuliwa kwa saa ya kupimia, difu ikiwa wazi.

Oili husema mengi. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni wa kawaida. Kipande chenye ncha ni jino, na hakuna oili nzito wala dawa ya chupa itakayolirudisha. Difu za haipoidi huhitaji oili ya daraja la GL-5, kwa sababu meno yake hutelezana kwa shinikizo kubwa.

Kosa moja la gereji lastahili kutajwa. Sili ya pinioni inapobadilishwa, nati hukazwa tena. Katika difu nyingi, ndani yake kuna bushi nyembamba ya chuma iliyokusudiwa kubonyea kwa kiasi maalumu ili kuzibana beringi. Nati ikikazwa kwa nguvu zote za bomba refu, bushi hubonyea kupita kiasi na beringi huungua baada ya muda mfupi. Nati iwekewe alama kabla ya kufunguliwa na irudishwe palepale, au bushi ibadilishwe na mzigo wa beringi upimwe.

Ekseli na springi. Kwenye springi za bapa, yubolti zilizolegea na senta bolti iliyokatika huiacha ekseli isogee mbele na nyuma. Dalili yake ni chuma kinachong'aa mahali ambapo kingekuwa na kutu, na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ukipimwa kwa futi hutofautiana upande wa kulia na wa kushoto. Defender yenye springi za koili ina boljointi moja juu ya ekseli ya nyuma, na ikichakaa hugonga kama krosi: mtu mmoja hulisukuma gari mbele na nyuma likiwa kwenye gia huku mwingine ameweka mkono juu yake. Kwenye ekseli ya nyuma ya Land Cruiser za kazi, nati za flanji ya hafu shafti zikilegea hugonga kwanza, kisha stadi hukatika.

Magari yenye hafu shafti mbili huru nyuma, kama Mark X na Subaru, hugonga zaidi kwa bushi zinazoishika difu kwenye bodi.

Milio inayofanana

Tairi la spea lililoning'inia chini ya bodi bila kukazwa limewahi kufanya difu nyingi zilaumiwe. Jeki iliyolegea kwenye sanduku lake hufanya vivyo hivyo, pia ekzosi iliyokatika kishikizo. Viatu vya breki ya drami hugonga mara moja kwenye breki ya kwanza baada ya rivasi. Katika gari la otomatiki, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iliyopanda hufanya gari lipige kila linapoingizwa D, na mauntini ya injini iliyochanika hufanya hivyo pia. Nati za ringi hukaguliwa kabla ya yote, kwa kuwa gurudumu linalochomoka huua.

Matengenezo

Krosi ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika mfumo mzima na hupatikana Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, au Kisekka jijini Kampala. Vikombe visukumwe kwa vaisi au presi. Nyundo huangusha sindano ndani, na krosi mpya hufa kabla ya mwezi kwisha. Grisi hupigwa mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne, kwani kikombe ambacho hakikutoa grisi ya zamani hakikupata mpya. Splaini zitiwe kiasi tu: grisi ikijaa hushindwa kutoka, propela hukataa kufupika, na beringi ya pinioni ndiyo inayobeba msukumo huo.

Hali ya sasa

Magari madogo mengi yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani husukumwa na magurudumu ya mbele na hayana propela. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini pikapu na magari ya abiria yaliyokwisha kuingia hutumika kwa miaka mingi baada ya hapo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, bado inatoka kiwandani ikiwa na ekseli nzima nyuma, springi za bapa, na propela yenye chuchu za grisi.