Ethi isiyogusa udongo

Wadau, nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Sanya Juu. Nimerudi chuo na swali.

Pasaka kanisani mama mdogo alishika maiki, yuko peku, sakafu mbichi... ikamrusha. Mzima, ila mkono ulimuuma siku mbili. Tulipofungua plagi ya amplifaya tukakuta waya wa ethi umekatwa makusudi. Kijana wa spika akasema eti zilikuwa zinavuma, alipoukata zikanyamaza.

Nikamuuliza, ethi ni ardhi, sasa ndani ya boksi la bati ardhi iko wapi? Hakujua. Mimi mtu wa Historia nikaenda kuchimba.

Mwaka 1838 Mjerumani Steinheil aligundua kuwa telegrafu haihitaji waya wa pili. Ukifukia bamba la chuma kila upande, udongo wenyewe unarudisha umeme. Hata kebo iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ilikuwa na waya mmoja tu ndani, bahari ikawa wa pili. Hapo ethi ilikuwa ardhi kweli.

Zikaja redio za taa. Vifaa vyake vilifungwa juu ya bamba la chuma, umeme ukarudia humo, na mafundi wakaliita bamba lile ethi hata kama haligusi udongo. Nyingine bamba liliunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani! Kilichomlinda mtu ni kasha la mbao tu.

Plagi yetu ya pini tatu ni ya Uingereza, 1947. Ile pini ndefu ni ya ethi: inaingia kwanza na kufungua matundu mengine. Sisi tunalichokonoa tundu lake kwa peni ili plagi ya pini mbili iingie (hata mimi hosteli, msinicheke).

Kwa hiyo ethi ziko mbili, ya boksi na ya udongoni, na waya ule ndio unaziunganisha. Ganda la waya wa maiki limeshikana na boksi. Umeme ukivuja, unapita kwenye ethi na fyuzi inakatika. Ukiukata waya, boksi linamsubiri mtu.

Tuliurudisha, tukakwangua na rangi chini ya skrubu maana rangi inazuia umeme. Kuvuma kumepungua tulipochomeka mashine zote sehemu moja, ila hakujaisha, na kwaya wanalalamika. Mama mdogo maiki hataki hata kuisogelea.