Mwenye Sahani na Mwenye Ufunguo

Mwezi wa Novemba mwaka 1996 sahani ya DVD iliingia katika maduka ya Japani, na mwezi wa Machi mwaka uliofuata ikafika Marekani. Kwa kuitazama tu ilifanana na sahani ya muziki iliyokwisha zoewa: upana wake sentimita 12, rangi yake ya fedha, na tundu katikati. Lakini iliweza kuchukua gigabaiti 4.7, na ile ya tabaka mbili gigabaiti 8.5, kiasi cha kutosha senema nzima pamoja na sauti za lugha kadha wa kadha. Wenye senema waliifurahia biashara hii mpya, walakini furaha yao ilichanganyika na hofu. Utepe wa kaseti hufifia kila unaponakiliwa, hata nakala ya nakala haitazamiki. Tarakimu hazifii wala hazififii. Nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza.

Kwa ajili ya hofu hiyo sahani ilitiwa kufuli. Kufuli hilo liliitwa CSS, nalo lilifanya kazi hivi. Picha za senema zilivurugwa kwa hesabu, na ufunguo wa kuzipanga upya ukawekwa katika sahani ile ile, lakini umefichwa mara mia kadha, kila mara kwa ufunguo mwingine. Kila kiwanda cha mashine za kuchezea sahani kilipewa ufunguo wake baada ya kulipa ada na kutia sahihi mkataba wa siri. Hivyo mtu aliyenunua sahani alinunua sanduku, na ufunguo wa sanduku ulikaa katika mashine iliyotengenezwa na mtu mwingine. Juu ya hayo dunia iligawanywa kwa majimbo. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika ya Kusini zilitiwa katika jimbo la 2. Kenya na Tanzania zilitiwa katika jimbo la 5 pamoja na Bara Hindi na Urusi. Sahani iliyonunuliwa Dubai au London kwa fedha halali iliweza kukataliwa na mashine ya jimbo la 5, ingawa mwenye sahani na mwenye mashine ni mtu mmoja.

Jambo moja halikuelezwa sana na waliolisifu kufuli hili, nalo ni kwamba halikumzuia mwizi mkubwa. Mwenye kiwanda cha kupiga sahani za magendo hakuwa na haja ya kulifungua. Aliweza kuinakili sahani yote kama ilivyo, kufuli na funguo zake, na mashine ikaicheza bila kusita. Aliyezuiliwa ni mtu wa nyumbani, kwa maana sahani tupu zilizouzwa madukani hazikumruhusu kuandika mahali pale palipokaa funguo.

Hata huyo hakuwa na mengi ya kutamani. Mwaka 1999 diski kuu ya gigabaiti 10 au 20 ilihesabiwa kuwa kubwa, na senema mbili au tatu zingeijaza pomoni. Haja ya kwanza ilitoka kwa watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta ulioandikwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, ukagawiwa bure. Hapakuwa na programu yenye idhini ya kuchezea DVD katika mfumo huo. Walikuwa na sahani, walikuwa na kompyuta, na kompyuta ilikuwa na tundu la kuingizia sahani. Picha tu ndizo hawakuziona.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1999 ilitolewa programu ndogo iitwayo DeCSS. Jina lililohusishwa nayo zaidi ni la kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na umri wa miaka 15, ingawa sehemu ya kufungulia kufuli iliandikwa na mwenziwe ambaye hakujitambulisha. Njia ilipatikana kwa uzembe wa watu wengine: mtengenezaji mmoja wa programu ya kuchezea sahani aliuacha ufunguo wake bila kuufunika. Baada ya ufunguo mmoja kujulikana, nyingine zilifuata, kwani kufuli lenyewe lilikuwa dhaifu. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 40 tu, na mtaalamu Frank Stevenson alionyesha mwaka ule ule kwamba hapakuwa na haja ya kuzijaribu funguo zote ili kuupata ulio wa kweli.

DeCSS ilifanya jambo moja tu. Iliisoma sahani, ikaifungua, ikaiandika senema katika diski kuu ya kompyuta. Mwezi wa Januari mwaka 2000 polisi wa Norway wa makosa ya uchumi waliingia nyumbani kwa kijana huyo, wakachukua kompyuta zake. Alifunguliwa mashitaka mwaka 2002, na kesi ikasikizwa Oslo mwezi wa Desemba.

Kifungu alichoshitakiwa kwacho kinastahili kuangaliwa vizuri. Kilikuwa kifungu cha 145 cha sheria ya jinai, ambacho asili yake ni kumwadhibu mtu afunguaye barua ya mwenziwe bila haki. Baadaye kilipanuliwa ili kiguse na habari zilizowekwa katika mitambo. Kwa hiyo swali lililowekwa mbele ya mahakama, likivuliwa mavazi yake ya kitaalamu, lilikuwa hili: mtu aliyenunua senema dukani, akaifungua kwa njia isiyopendwa na aliyeiuza, je, amefungua barua ya mtu mwingine au yake mwenyewe? Mwendesha mashitaka alisema kwamba ruhusa ya mnunuzi ni kutazama kwa mashine yenye idhini, basi. Akaongeza kuwa DeCSS ilikuwa programu ya Windows, si ya Linux, hivyo udhuru wa Linux ni wa uongo. Johansen alijibu kwamba Linux ya wakati ule haikuweza hata kuusoma mpango wa mafaili ya sahani za DVD, na kazi ilibidi ianzie mahali panapowezekana.

Tarehe 7 Januari 2003 mahakama ilimwachilia. Ilisema kwamba mtu aliyenunua sahani halali anayo haki ya kuifikia senema iliyomo, hata akiicheza kwa njia ambayo watengenezaji hawakuikusudia. Serikali ilikata rufani. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule mahakama ya rufani ikamwachilia mara ya pili, na mwanzo wa mwaka 2004 waendesha mashitaka wakaacha. Barua ilikuwa yake.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda upande mwingine. Mwaka 1984 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kurekodi matangazo ya televisheni nyumbani ili kuyatazama baadaye si kosa. Lakini sheria ya mwaka 1998 ilileta kosa jipya kabisa: haikuuliza nakala inatumiwaje, iliuliza kufuli limeguswa au halikuguswa. Mwezi wa Agosti mwaka 2000 Jaji Lewis Kaplan wa New York alilikataza jarida la 2600 kuisambaza DeCSS. Watu wakaichapa programu hiyo juu ya mashati, wakaigeuza shairi, wakaigeuza namba. David Touretzky wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon akayakusanya mageuzi hayo kama mtu akusanyaye vipepeo. Hukumu haikutikisika. Rufani ilishindwa mwaka 2001.

Wakati huo diski kuu zilikuwa zikikua. Mwaka 2007 zilitokea za terabaiti 1, na maktaba nzima ya nyumba ikaweza kukaa katika kisanduku kimoja. Mwaka 2008 kampuni ya RealNetworks ilitoa RealDVD, programu iliyoihifadhi senema katika diski kuu pamoja na kufuli lake, tena ikaongeza la pili. Mwaka 2009 Jaji Marilyn Hall Patel aliizuia. Alikubali kwamba huenda ikawa halali mtu binafsi kujiwekea nakala ya sahani yake mwenyewe katika kompyuta yake. Lakini kukitengeneza na kukiuza chombo cha kumwezesha kufanya hivyo kulikatazwa. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na haki ya kuvuka mto, ila mwenye kuchonga mtumbwi atashitakiwa. Ni vigumu kuona haki ya namna hiyo yamfaa nani, isipokuwa wale wajuao kuogelea. Kampuni hiyo ilisuluhishwa mwaka 2010, ikalipa dola milioni 4.5.

Uingereza ilijaribu kwa muda mfupi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 iliruhusu nakala za matumizi ya nafsi, bila kuruhusu kuvunja kufuli. Mwezi wa Julai mwaka 2015 mahakama ikaitangua ruhusa yenyewe. Kenya nayo ilikwisha kukataza kuvunja vizuizi vya namna hiyo katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Hata Norway ilitunga katazo lake mwaka 2005, ingawa ilimwachia mnunuzi nafasi ya kuitazama kazi aliyoipata kihalali kwa chombo kinachofaa.

Sheria ya Marekani huacha mlango mdogo: kila baada ya miaka mitatu watu huweza kuomba waondolewe katazo kwa jambo maalumu. Mwaka 2012 liliombwa jambo hili la kuhamisha senema kutoka sahani ya mtu mwenyewe kwenda chombo chake kingine. Likakataliwa. Mwaka 2015 likaombwa tena, na jibu likawa lile lile.