Kila Waridi Lina Kwao

Leo tuliweke jembe chini kidogo, tuzungumze historia. Usiseme historia ni ya wanafunzi na wewe una palizi inakungoja. Historia ya waridi itakuokolea fedha yako.

Sisi mabwana shamba huulizwa mara nyingi swali la namna hii: "Miche ya waridi nimeinunua Lushoto, nimeipanda Tanga, samadi nimetia, maji namwagilia, mbona naona majani tu?" Naye mkulima wa Njombe ana kilio kingine. Maua anayapata, lakini mvua zikikolea majani yanaingia madoa meusi na kupukutika yote. Wakulima hawa si wavivu. Kinachowaponza ni kununua mche bila kuuliza kwao ni wapi.

Haya, tuanze mwanzo. Waridi la porini ni mmea wa nusu ya kaskazini ya dunia. Kusini ya ikweta hakuna waridi lililoota lenyewe. Katika Afrika, kusini ya Sahara, la asili liko moja tu, lenye maua meupe, nalo huota kwenye milima ya Ethiopia na nchi za jirani. Basi mawaridi ya bustanini unayoyaona Moshi, Nairobi au Unguja yote ni wageni, na mgeni huja na desturi za kwao.

Jina lenyewe, waridi, tumelipata kwa Waarabu, na marashi ya mawaridi watu wa pwani wanayajua tangu zamani katika harusi na maulidi. Huko Oman, juu ya mlima Jabal Akhdar, wakulima huchuma maua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, wakayachemsha na kukinga mvuke wake upate kuwa marashi. Utasema: "Kama linaota Uarabuni kwenye joto lile, pwani litashindwaje?" Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mashamba yale yako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na majira ya baridi huko ni baridi kweli. Waridi lile, liitwalo la Dameski, huchanua baada ya baridi hiyo, tena mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo, ndugu yangu, jina la nchi lisikudanganye. Uliza mwinuko.

Wachina nao walikuwa na mawaridi yao, yenye tabia nyingine kabisa. Yalistahimili joto, hayakupenda baridi kali, na yalichanua tena na tena mwaka mzima. Yalifika Ulaya miaka ya 1790, na watunza bustani wa huko, waliozoea kungoja ua mwaka mzima, wakastaajabu.

Sasa sikiliza jambo lililotokea hapa hapa katika Bahari ya Hindi. Mashariki ya Madagaska kiko kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wa huko walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi, ya Kichina na ya Dameski pamoja. Miti hiyo ikachavushana. Mwaka 1817 alifika mtaalamu wa mimea Mfaransa, jina lake Bréon, naye akautambua mche usiofanana na wenzake. Mbegu zake zikapelekwa Ufaransa, na uzao wake ukaingia katika damu ya mawaridi mengi ya leo. Mwaka 1867 Mfaransa Guillot akatoa waridi lililoitwa 'La France', na wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa, yale ya bua refu na ua moja kubwa.

Na yale madoa meusi ya Njombe? Mwaka 1900 Mfaransa mwingine, Pernet-Ducher, alitoa waridi la rangi ya manjano iliyokolea, 'Soleil d'Or'. Rangi hiyo aliipata kwa kuchanganya na waridi la nchi kavu za Uajemi. Majani ya waridi hilo hayakuzoea kulowa, na udhaifu wake wa ugonjwa wa madoa meusi ukarithiwa pamoja na rangi. Huko Naivasha, Kenya, karibu mita 1,900, waridi la kuuza Ulaya hulimwa ndani ya nyumba za plastiki. Paa lile huzuia pia mvua isiloweshe majani. Baridi ya usiku nayo hulikuza ua polepole, likawa nene.

Basi tufanyeje sisi wa bustani ndogo? Wa pwani, tafuta aina zenye asili ya Kichina, zinazochanua mwaka mzima, na usitegemee ua kubwa kama la milimani. Wa milimani, panda kwa nafasi upepo upite, mwagilia shinani wala si majanini, okota majani yenye madoa uyachome, na aina za manjano ziwe chache.

Kabla ya kutoa shilingi yako uliza mambo mawili: linachanua mara ngapi kwa mwaka, na mti mama umekulia mwinuko gani? Muuzaji asiyejua kujibu, mwache. Mwombe jirani yako mwenye waridi linalostawi akukatie pingili za unene wa penseli, zenye macho matatu au manne. Zichomeke kivulini kwenye udongo mwepesi, usiuache ukauke. Waridi la jirani limekwisha kuzoea mvua na jua la kwenu, na bei yake ni asante tu.