Hongo za Ugogo

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Tabora ililipa hongo, yaani ada ya kupita, na Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya njia hiyo, ndiko ilikolalamikiwa zaidi. Msingi wake ulikuwa maji. Msafara uliotoka pwani ulivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kufika Mvumi, na upande wa magharibi ulikabiliwa na Mgunda Mkali. Kati ya nyika hizo mbili, visima vilikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo.

Ugogo haikuwa na mtawala mmoja, hivyo masharti yalibadilika kutoka kwa mtemi mmoja hadi mwingine. Magomba wa Kanyenye alikuwa miongoni mwa waliojulikana sana. Malipo yalikuwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya. Bei haikuwa moja: msafara mkubwa wenye mali ulidaiwa zaidi, na majadiliano yaliweza kula siku kadhaa huku wapagazi wakiendelea kudai posho.

Wasafiri Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley, mwaka 1871, waliilalamikia sana hongo. Malalamiko yao hayakuwatendea haki Wagogo, kwani mamia ya wapagazi waliweza kukausha kisima ambacho kijiji kizima kilikitegemea wakati wa kiangazi.

Utawala wa Kijerumani uliwanyang'anya watemi haki ya kutoza hongo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu katika njia hiyo ikakoma.