Penseli Juu ya Kioo: Asili ya Kazi ya Kurekebisha Picha za Sura

Kazi ya kurekebisha picha za sura, yaani kuondoa au kufifisha madoa, mikunjo na vivuli baada ya picha kupigwa na kabla ya kukabidhiwa mteja, hudhaniwa kuwa ilizaliwa na majivuno ya watu waliotaka kuonekana wazuri kuliko walivyo. Majivuno hayo yalikuwepo, na wapiga picha wa karne ya 19 waliyafahamu vizuri kwa kuwa yaliwaingizia fedha, lakini chanzo cha kwanza kilikuwa kingine, nacho ni upofu wa dawa iliyopakwa juu ya kioo. Katika njia ya kolodioni, ambayo Frederick Scott Archer wa Uingereza aliitangaza mwaka 1851, kioo kilipakwa ute wa pamba iliyotiwa asidi na kuyeyushwa katika etha na spiriti, kisha kikatumbukizwa katika maji yenye chumvi ya fedha na kupigiwa picha kingali kibichi. Dawa hiyo iliupokea mwanga wa buluu na wa zambarau, ila nyekundu na manjano haikuziona karibu kabisa. Kwa hiyo mashavu mekundu yalitoka meusi, macho ya buluu yalipauka, na vidoa vya kahawia ambavyo Wazungu wengi huwa navyo usoni, na ambavyo jamaa zao hata hawavitambui, vilijitokeza kana kwamba uso umerushiwa matope. Mteja aliyelalamika kwamba picha haifanani naye mara nyingi alikuwa akisema kweli.

Picha za dagereotaipu, zilizotangulia kolodioni, hazikutoa nafasi kubwa ya kusahihisha, kwani kila moja ilikuwa bamba la shaba lililopakwa fedha, lisilo na negativu, yaani picha ya kinyume ya kuchapia nakala, na fundi aliweza tu kunyunyizia juu yake unga laini wa rangi. Negativu ya kioo ndiyo iliyofungua mlango. Nadar, mpiga picha mashuhuri wa Paris, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba Franz Hanfstaengl wa München alionyesha negativu iliyorekebishwa, pamoja na picha zilizochapwa kabla na baada ya marekebisho, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1855. Si ajabu kwamba jambo hilo lilitoka kwa Hanfstaengl, kwa sababu kabla ya kushika kamera alikuwa bingwa wa litografia, sanaa ya kuchora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta ili mchoro uchapwe karatasini, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kujenga ngozi ya mtu kwa alama ndogo ndogo zisizoonekana mojamoja.

Ugumu wa kujifunza kazi hii ulianzia kwenye kufikiri kinyumenyume. Katika negativu kilicho cheusi ni cheupe na kilicho cheupe ni cheusi, hivyo kunyanzi, ambalo katika picha ni mstari wa giza, katika kioo ni mstari angavu, na penseli inayouziba mstari huo humfanya mtu aonekane kijana. Kilichohitaji kutiwa giza katika picha kilikwanguliwa kwa kisu chembamba, kazi ya hatari, kwa kuwa utando uliokwisha kukwanguliwa haurudi. Negativu iliwekwa juu ya meza ya mteremko yenye kioo cha ukungu, na chini yake kioo cha kujitazamia kilichorudisha mwanga wa dirishani. Kwa vile penseli haishiki juu ya kitu laini, fundi alipaka kwanza tone la utomvu wa dammar, unaofanana na sandarusi, ulioyeyushwa katika tapentaini, kisha akatumia penseli ngumu iliyochongwa kwa msasa hadi ncha yake ikawa ndefu na kali kama sindano. Alama zilikuwa nukta, vistari vifupi au vijipinda vyenye umbo la mkato, na kila fundi alikuwa na mwandiko wake.

Vitabu vya mafunzo vilianza kuenea London katika miaka ya 1870, na kinachovutia ndani yake si mbinu za penseli bali onyo. Mwanafunzi alihimizwa kujua mifupa na misuli ya uso, kwa kuwa asiyejua kwa nini kuna kivuli kati ya pua na pembe ya mdomo atakifuta, na akikifuta atakuwa amefuta mtu. Mikunjo ya mzee ilipaswa kupunguzwa makali bila kuondolewa. Onyo hilo halikusikilizwa sana. Baada ya mpiga picha Disdéri kupata hataza ya picha ndogo za kadi mjini Paris mwaka 1854, bei ilishuka na wateja wakawa wengi, na studio kubwa zikaajiri warekebishaji, wengi wao wanawake, ambao huenda hawakumwona kamwe mtu waliyekuwa wakimrekebisha. Huko ndiko zilikotoka zile nyuso laini kama mayai zinazojaa katika albamu za enzi hiyo. Mpiga picha Julia Margaret Cameron alikataa kurekebisha nyuso katika kazi zake, na mpiga picha mwenzake Peter Henry Emerson, katika kitabu chake cha mwaka 1889 kuhusu upigaji picha wa kiasilia, aliidharau kazi hiyo waziwazi.

Wakati huo udhuru wa kwanza, yaani upofu wa kioo, ulikuwa umeanza kutoweka. Mwanakemia Hermann Vogel aligundua mjini Berlin mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikichanganywa na dawa huiwezesha kuona kijani na manjano, na kufikia mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Croydon ilikuwa ikiuza vioo vya kupigia picha vilivyoona rangi zote, nyekundu ikiwemo. Kama kurekebisha kungekuwa tiba ya upofu wa kioo tu, kungekoma hapo. Hakukukoma, kwa sababu macho ya wateja yalikuwa yamekwisha kufundishwa na penseli kwamba uso uliosawazishwa ndio uso wa kawaida. Ikumbukwe pia kwamba mafunzo ya vile vitabu yaliandikwa kwa nyuso za Kizungu. Penseli juu ya negativu daima huongeza weupe katika picha, na fundi aliyeikariri desturi hiyo bila kuipima alimpausha mtu mweusi hata pale alipodhani anaondoa chunusi tu.

Hollywood iliifikisha desturi hii kileleni. Mpiga picha George Hurrell, aliyeanza kufanyia kazi kampuni ya filamu ya MGM mwaka 1930, alipiga picha kwa negativu kubwa za inchi 8 kwa 10, ambazo ziliacha nafasi ya kutosha kwa penseli, na vidoa vya uso wa mwigizaji Joan Crawford viliondolewa kimojakimoja. Kamera ndogo za filamu ya milimita 35 ndizo zilizoipunguza kazi hiyo, kwani uso wenye ukubwa wa punje ya mahindi hauchoreki.

Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, iliirejesha kazi hiyo pamoja na kosa lake la zamani la kulainisha uso kupita kiasi. Brashi ya kuponya, iliyoongezwa katika toleo la 7 mwaka 2002, huchukua umbile la ngozi safi na kulioanisha na rangi ya mahali palipo na doa, na mafundi wengine huitenga picha katika tabaka mbili, moja ya vinyweleo na nywele, nyingine ya rangi na vivuli, ili kivuli kilainishwe bila ngozi kupoteza chembechembe zake. Fundi wa kioo alizitengeneza chembechembe hizo kwa nukta za penseli. Wa kompyuta huzihifadhi. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka picha za biashara za wanamitindo ambao umbo la miili yao limepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta ziandikwe kuwa zimerekebishwa. Agizo hilo linahusu umbo la mwili. Ngozi iliyolainishwa na makunyanzi yaliyofutwa hayamo.