Pikipiki Kuukuu ya Kwanza: Kwa Nini Nasema Honda CG125

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze oili na grisi. Vijana wenzangu kadhaa hapa Kapsoya, Eldoret, wameniuliza swali: mtu ambaye hajawahi kufungua injini, akitaka kununua pikipiki kuukuu aifufue kwa mikono yake, aanze na ipi? Jibu langu ni fupi: Honda CG125. Sababu ndiyo ndefu, maana imo katika historia.

Wengi hutamani za Kiingereza, mathalani BSA Bantam. Sibishi, ni chombo cha kupendeza. Lakini je, wajua kwamba mchoro wake haukuwa wa Waingereza? Ulitoka kwa DKW RT125 ya Ujerumani, ya mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, washindi waliichukua michoro ile kama fidia. BSA wakatoa Bantam mwaka 1948, Harley-Davidson wakatoa yao kule Marekani, na Wasovieti nao vivyo hivyo. Hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, iliiga mashine hiyo hiyo. Sisi wa programu tungesema ni programu moja iliyozaa matawi mengi.

Sasa jiulize: hapa Eldoret, nani anauza pistoni ya Bantam? BSA ile ya zamani ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Utaagiza spea Uingereza, ulipe usafiri na ushuru, kisha usubiri. Fundi mzoefu ataweza. Kwa anayeanza, hapo ndipo kazi hufia, na pesa zake hubaki zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Tuje kwa CG125. Kabla yake Honda walikuwa na CB125, ambayo kemu yake ilikaa juu, kwenye kichwa cha injini, ikizungushwa na cheni. Injini nzuri, ila yataka oili safi kwa wakati wake. Honda wakatambua kwamba katika nchi nyingi za Asia wateja walipakia mizigo kupita kiasi na kubadilisha oili siku wakikumbuka. Badala ya kuwalaumu wateja, wakabadilisha injini! CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilishusha kemu hadi chini, ikazungushwa na gia, na vijiti viwili vikafikisha msukumo kwenye vali zilizo juu. Ile cheni ya ndani ikaondoka pamoja na matatizo yake. Kiufundi ilikuwa kurudi nyuma, na kurudi nyuma huko ndiko kulikoipa maisha marefu. Mwaka huo huo wa 1976 Honda wakaanza kuiunda Manaus, Brazil. Baadaye Pakistan nayo ikaiunda.

Kisha wakaja Wachina. Viwanda vingi vya huko viliiga injini hii na kuitia katika pikipiki za majina chungu nzima, nyingine zikaongezwa ukubwa hadi CG150 na CG200.

Na Kenya je? Boda boda ilianza kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960, abiria wakivushwa kutoka boda hadi boda. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, na mashine za Uchina na India zikafurika nchini. Nyingi za Kichina zilikuja na injini ya ukoo wa CG. (Boxer na TVS za India ni ukoo mwingine, usizichanganye.) Hivyo basi, injini iliyobuniwa kwa ajili ya mtu anayesahau oili ilitufikia kupitia nakala zake.

Kwa anayeanza, faida ni kubwa. Gasketi, ringi, sahani za klachi na kabureta za ukoo huu zinauzwa katika maduka ya spea za boda, na fundi wa jua kali aliyezifungua mara nyingi hakosekani. Hakuna kitabu kinachomshinda huyo.

Lakini angalia mambo manne kabla ya kutoa pesa. Kwanza, linganisha namba ya injini na ya fremu na zilizo kwenye logibuku, kisha hakikisha na NTSA. Fremu ya Honda iliyopandikizwa injini ya Kichina ni jambo la kawaida, na bei yake haiwezi kuwa sawa. Pili, spea za injini ni rahisi kupata. Tangi, vifuniko vya pembeni na saa za asili ni kazi. Heri injini mbovu yenye mwili kamili kuliko kinyume chake. Tatu, pima. Pistoni ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, ya 150 ni 62. Muuzaji akisema "zote ni CG" usimwamini. Nne, Eldoret iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20. Kabureta iliyopangwa kwa Mombasa itamwaga petroli nyingi mno huku kwetu. Plagi ikijaa masizi meusi, anza na kabureta kabla ya kulaumu injini.

Mwisho, usikawie. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua Mombasa mpango wa pikipiki za umeme, na za kampuni kama Roam na Spiro tayari zimo barabarani. Siwapingi, ni maendeleo. Ila ujuzi wa CG unaishi mikononi mwa mafundi kwa sababu boda inawalipa kila siku. Siku boda itakapohamia betri, CG125 itakuwa kama Bantam: chombo kizuri kisicho na wa kumuuliza. Leo mwalimu bado yupo stejini, na ada yake ni soda na subira.

Haya, kazi kwenu.