Kujifunza Kiingereza Bukoba na Muleba: Sababu na Vikwazo katika Historia

1. Utangulizi



Mjadala wa Kiingereza nchini Tanzania kwa kawaida huanzia kwenye sera na kuishia kwenye lawama. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawakijui Kiingereza kwa sababu ni wavivu, hawasomi vitabu, au wamezama mno katika Kiswahili. Katika mhadhara huu ninakusudia kuipima kauli hiyo kwa historia ya sehemu moja tu, yaani Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Hoja yangu ni kwamba watu wa huko wamejifunza lugha za kigeni mara nyingi na kwa mafanikio, na kwamba kila mara walikuwa na sababu iliyo wazi. Kikwazo kikubwa kilizuka pale Kiingereza kilipofanywa chombo cha kupatia maarifa kabla ya chenyewe kufundishwa kikaeleweka.

2. Lugha za kigeni kabla ya Kiingereza

Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza ya kigeni kuingia Buhaya. Mapadri Weupe waliofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 walitokea Buganda, na kwa miaka mingi Kiganda kilitumika katika mafundisho ya dini na sala, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti vilevile. Kwa msemaji wa Ruhaya, Kiganda ni lugha jirani. Alikisikia kanisani na kwa wageni kutoka Buganda, naye akakimudu bila kukaa darasani siku nyingi. Wajerumani nao, walioanzisha kituo chao Bukoba mwaka 1890, waliendesha utawala kwa Kiswahili. Aliyetaka ukarani au uaskari alijifunza Kiswahili.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Kilatini. Seminari ya Rubya ilianzishwa mwaka 1904 huko Ihangiro, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Vijana waliotoka kwenye migomba na mibuni walifundishwa hapo lugha ambayo hakuna kijiji chochote duniani kinachoizungumza. Miongoni mwa waliopita Rubya ni Laurean Rugambwa, ambaye baadaye alisoma Katigondo nchini Uganda, akapadrishwa mwaka 1943 na kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Kilatini kilifundishwa kwa hatua: sarufi, msamiati na tafsiri kwanza, falsafa na teolojia baadaye. Lugha ilitangulia, masomo yakafuata.

3. Sababu za kujifunza Kiingereza

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Kiswahili kiliendelea kufundishiwa katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikawekwa katika madarasa ya juu, ambako ni wachache tu waliofika. Tangu hapo lugha hii ikawa na sifa ya lango: anayepita anapata kazi ya ukarani, ualimu au ukalimani, asiyepita anarudi shambani.

Lakini sababu hazikuwa za mshahara peke yake. Mwaka 1924 makarani na wafanyabiashara wa Bukoba waliunda Bukoba Bahaya Union, chama cha kusukuma maendeleo ya Wahaya. Kwa watu wa namna hiyo, kujua lugha ya mtawala kulikuwa njia ya kumwandikia na kumdai. Zao la kahawa nalo liliuzwa katika soko la dunia, na mikataba yake haikuandikwa kwa Ruhaya. Zaidi ya hayo, Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa ng'ambo tu ya mpaka, karibu zaidi kuliko Dar es Salaam.

Baada ya Uhuru, sababu hizo ziliongezeka. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekipigania Kiswahili kuliko kiongozi mwingine yeyote, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990, zilipata wateja mara moja. Wapo pia wazazi wa Kagera waliowavusha watoto wao Mutukula kwenda kusoma Uganda. Tusiwabeze wazazi hawa kwa kusema wana kasumba ya ukoloni. Wameliona lango lilipo, nao wanamtafutia mtoto njia ya kulipita.

4. Vikwazo

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba haukufikishwa mwisho: sekondari ilibaki katika Kiingereza. Mtoto anasoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, kisha baada ya likizo moja anatakiwa kuelewa fizikia na historia kwa lugha aliyoifahamu kama somo tu. Tume ya Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kipandishwe hadi sekondari na vyuo vikuu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, lakini toleo lake la mwaka 2023 limekibakiza Kiingereza sekondari.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika shule ya kata Muleba. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006. Mwanafunzi huyu amemsaidia baba yake kung'oa migomba iliyougua. Anajua kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lisipopitishwa motoni litaambukiza mgomba mzima. Siku mwalimu anapofundisha bakteria kwa Kiingereza, mtoto huyu anakaa kimya, ananakili ubaoni, na katika mtihani anakosa swali ambalo jibu lake liko shambani kwao. Mtihani umepima lugha, lakini cheti kitasema hajui biolojia.

Kikwazo cha pili ni mazingira. Nyumbani husemwa Ruhaya; sokoni na shuleni, Kiswahili. Kiingereza hakina mahali pa kuishi isipokuwa daftarini. Mwalimu naye ametokea katika mfumo huohuo.

Kikwazo cha tatu ni cha kiisimu. Ruhaya hugawa wakati uliopita kwa umbali: twakoma ni "tulifunga" mapema leo, tukomile ni jana, tukakoma ni kabla ya hapo. Kiingereza huangalia zaidi kama tukio bado linagusa wakati uliopo, tofauti ambayo viambishi -li- na -me- vya Kiswahili huikaribia. Vilevile, katika Ruhaya na Kiswahili "yeye" ni mwanamume au mwanamke, hivyo si ajabu mwanafunzi kumtaja mama yake kwa kiwakilishi cha kiume. Haya si makosa ya uvivu. Mwalimu anayeijua Ruhaya na Kiswahili anaweza kuyatabiri na kuyatumia kama ngazi. Badala yake, katika shule nyingi mwanafunzi huadhibiwa kwa kutamka neno la lugha anayoijua, akajifunza kunyamaza.

5. Hitimisho

Historia ya Bukoba na Muleba inatuonyesha kwamba uwezo wa kujifunza lugha haukupungua kati ya kizazi cha Rubya na kizazi cha shule za kata. Kilichobadilika ni mpangilio. Napendekeza, kwanza, Kiingereza kifundishwe kama lugha ya kigeni, kwa hatua na na walimu waliobobea katika kazi hiyo. Pili, masomo mengine yafundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuulizia swali. Tatu, sisi wanaisimu tuandike sarufi linganishi za Kiingereza, Kiswahili na lugha zetu za jamii, zimfikie mwalimu wa kijijini badala ya kubaki katika maktaba zetu.

Tukifanya hivyo, Kiingereza kitajifunzwa vizuri zaidi kuliko sasa, na yule mwanafunzi wa Muleba ataweza kusema anachokijua.